Kibuyu cha Kwanza Hakihesabiwi

Kabla sijajua kugawanya sawasawa, nilikuwa nimekwisha kupokea watoto kumi na wanane kwa mikono yangu. Au kumi na tisa. Wakati ule sikuwa mtu wa kuaminiwa kwa hesabu, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa mwaka 1957. Nilikuwa mwaka wa pili, yaani wa mwisho, katika shule ya wakunga ya masista hapa Bukavu. Jina langu ni Nsimire. Kwenye karatasi za shule waliandika Eulalie, na nikifanya kosa Mamère Godelieve aliniita kwa majina yote mawili, moja baada ya jingine, ili nisipate pa kujificha. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa shule, mwanamke wa Kibelgiji, mrefu, mwenye mikono mikubwa kama ya mpasua mbao. Masomo mengine aliwaachia masista wenzake, lakini hesabu alifundisha mwenyewe. Na hesabu ilikuwa ya lazima. Ungeweza kuwa wa kwanza katika usafi, wa kwanza katika dini, wa kwanza katika kuzalisha kwenyewe. Ukianguka hesabu, diploma huioni.

Mimi katika kuzalisha nilikuwa wa kwanza. Nasema bila haya kwa sababu ni kweli. Wazazi waliokuja kujifungua walikuwa wakiniita kwa jina toka mwisho wa wodi, na kuna waliokataa kusukuma mpaka nije. Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote duniani. Nilipenda hasa ile nukta mtoto ametoka lakini hajalia bado, chumba kizima kimeshika pumzi, halafu anafungua kinywa na kutukasirikia wote. Lakini kila Jumanne asubuhi, Mamère aliposhika chaki, ni mimi niliyekumbuka ghafla kitanda kisichotandikwa wodini.

Siku moja nilimwambia mwenzangu Adolphine, kwa sauti, kwamba mtoto hazaliwi kwa kugawanya. Mamère alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Eulalie Nsimire," akasema kwa Kiswahili chake cha misioni. "Mutoto hazaliwi kwa kugawanya. Lakini dawa yake inagawanywa. Simama, uje ku tableau."

Nikaenda ubaoni, nikakosa, nikarudi.

Mwezi wa saba matokeo yalibandikwa mlangoni. Kuzalisha: kumi na nane kwa ishirini. Usafi: kumi na saba. Hesabu: sita. Chini yake Mamère alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: deuxième session, septembre. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu aliyekuwa pale akisoma nyuma ya bega langu. Nitarudi mwezi wa tisa kufanya mtihani wa hesabu mara ya pili, na nikianguka tena, miaka yangu miwili imekwisha bure. Nafasi ya tatu hakuna. Nililia toka getini mpaka njia panda ya Kadutu. Pale nikaona wauza vitunguu wananitazama, nikakasirika, nikaacha kulia.

Nyumbani kwetu kulikuwa Cimpunda, upande wa juu, ambako siku zile nyumba zilikuwa bado zinaomba nafasi katikati ya migomba. Baba yangu, Papa Pascal, alikuwa mtengeneza kasiksi. Bia ya ndizi kila mtu alitengeneza, lakini ya baba watu waliifuata toka mbali, na harusi iliyopata kasiksi ya Papa Pascal haikuhitaji kusifiwa zaidi. Aliposikia matokeo yangu hakugomba. Aliuliza tu, "Hiyo hesabu, iko ya nini mu kazi ya kuzalisha?" Nikamjibu kwamba hata mimi najiuliza. Tukakubaliana kabisa, na hilo halikunisaidia chochote.

Aliyenisaidia ni Gaston. Alikuwa moniteur, yaani mwalimu, wa shule ya msingi, jirani yetu wa nyumba ya tatu, kijana mwembamba aliyevaa tai hata siku ya kukata kuni. Msianze kufikiria mambo. Alikuwa na mke, Georgette, rafiki yangu, na ni Georgette aliyemtuma kuja kunifundisha.

Siku ya kwanza alileta maharagwe kwenye karatasi, ya kuhesabia, kama kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Aliyaacha kwetu nifanye mazoezi. Niliyapika. Siku ya pili alileta vijiti. Siku ya tatu alinieleza sehemu moja ya kumi mara nne, kwa upole, akitabasamu, na ule upole ndio ulionishinda. Nikatupa kibao cha kuandikia nje ya mlango, kikamkosa kuku kwa kidogo.

Gaston akatoka, akakiokota, akakipangusa vumbi kwa tai yake.

"Lete karatasi zako za Mamère," akasema. "Zote. Toka mwaka wa kwanza."

"Za nini? Unataka kucheka?"

"Minataka kuona unakosa namna gani. Mutu hakosi tu hivi hivi. Kila mutu iko na namna yake ya kukosa."

Nikampa rundo lote. Akakaa nalo siku nne. Aliporudi, hakuwa akitabasamu tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona nyayo za mnyama asiyemjua.

"Nsimire, makosa ingine iko ujinga tu," akaanza. Sikumshukuru kwa hilo. "Lakini angalia hii. Muzazi anapewa kidonge saa kumi na mbili ya asubuhi, tena kila saa ine, mpaka saa kumi na mbili ya jioni. Vidonge ngapi?"

"Vitatu," nikasema mara moja.

"Hesabu na vidole."

Saa nne, saa nane, saa kumi na mbili. Nikamwonyesha vidole vitatu.

"Na cha asubuhi?"

Nikatazama vidole vyangu. Cha asubuhi nilikuwa nimekiruka. Sikukisahau, la. Nilijua kabisa kwamba kipo. Sikukihesabu tu, kama vile mtu asivyojihesabu mwenyewe anapopanga sahani.

"Siku za homa, unaacha ya kwanza," Gaston akaendelea, akipekua. "Vipimo vya maji, unaacha ya kwanza. Vitanda vya wodi, unaacha ya kwanza. Kila mahali inapungua moja, ao inazidi moja. Nani alikufundisha kuhesabu?"

"Masista."

"Mbele ya masista, ukingali mutoto."

Mtu hakumbuki alifundishwa lini kuhesabu, kama asivyokumbuka alifundishwa lini kutembea.

Jibu lilikuja lenyewe katikati ya mwezi wa nane. Baba alikuwa ameombwa kasiksi ya sikukuu ya Bikira Maria, na ndizi zilikuwa zimekwisha kuiva shimoni chini ya majani yake. Asubuhi ile ndizi zilizomenywa zilikuwa ndani ya mtumbwi, lile gogo letu kubwa lililochimbwa, na baba alikuwa akizikanda kwa majani makavu mpaka maji yake yakaanza kutoka, mazito na matamu. Kazi yangu ilikuwa ile ile niliyoifanya tangu nina miaka mitano: kushika kibuyu na kumimina maji anapoamuru. Gaston alikuja na daftari lake kunidai mazoezi. Georgette alikuwa amemfuata, akidai kwamba anamchunga mumewe asilewe kabla ya sikukuu. Wakakaa kwenye kigoda kimoja.

"Maji," akasema baba.

Nikamimina kibuyu. Baba akakanda, akanyamaza.

"Maji."

Nikamimina kingine.

"Moja," akasema baba kwa Mashi, lugha ya nyumbani kwetu, ambayo ndiyo aliyohesabia siku zote.

Gaston akasimama ghafla, kigoda kikainuka upande wake na Georgette akaanguka chini na kitenge chake kipya.

"Papa Pascal! Umesema moja?"

"Minasema moja, ndiyo. Ulitaka niseme nini?"

"Lakini amemimina mbili!"

Baba akamtazama kwa huruma, jinsi mtu wa kazi anavyomtazama mtu wa tai. "Ile ya kwanza iko ya majani, mwana wangu. Majani inakunywa mbele. Ile haiingie mu bia, sasa naihesabu ya nini? Baba yangu hakuihesabu, baba yake hakuihesabu. Ya kwanza iko ya majani."

Mimi nilibaki nimeshika kibuyu, maji yananitiririkia miguuni. Nilijiona mtoto wa miaka mitano, kinywa kimefungwa kwenye kibuyu cha kwanza, kinafunguka kwenye cha pili, moja, mbili, tatu, nikiimba pamoja na baba. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maganda ya ndizi. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nimejiambia kwamba mimi ni mjinga, kwamba kichwa changu kina tundu mahali fulani, na kumbe kichwa kilikuwa kizima. Kilifundishwa vizuri mno, kazi nyingine tu.

Baba ndiye hakucheka. "Sasa banasema ni mimi nilimwangusha mutoto?"

"Hapana, papa," akasema Georgette, bado anapangusa kitenge. "Ni majani."

Gaston hakutaka kuacha nafasi ipite. Akaomba, kwa heshima zote, kwamba siku ile kibuyu cha kwanza kihesabiwe, ili nizoee. Baba alikataa mara tatu. Mara ya nne alinitazama, akanuna, akasema haya. Kwa kuwa cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuitwa si kitu, akakipa jina lake upya, "moja", kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi, cha pili kikawa mbili, tukaendelea mpaka idadi yake ya kila siku. Kwa hiyo bia ikapungukiwa kibuyu kimoja cha maji. Siku ya sikukuu, baada ya misa, ilinywewa mchana kweupe uwanjani kwetu, na ilikuwa kali kuliko zote alizowahi kutengeneza. Katekista, mzee mpole ambaye hajawahi kupaza sauti, alicheza peke yake kuzunguka mgomba mpaka mkewe akaja kumchukua. Watu waliulizia ile kasiksi kwa miezi. Baba aliwajibu kwamba ilikuwa kasiksi ya shule.

Tulifanya mazoezi mpaka siku ya mtihani. Nilihesabu kila kitu na cha kwanza chake: ngazi, kuku, shanga za rozari. Nilihesabu kwa Kifaransa, kama shuleni, polepole, kidole kikigusa.

Asubuhi ya mtihani, mwezi wa tisa, mvua ilikuwa imeanza. Baba alisema anakwenda mjini kutafuta kamba, akanisindikiza mpaka kwenye geti la shule, na hapo akasimama chini ya upenu wa ukuta kana kwamba kamba zinauzwa pale.

Mtihani wa kuandika niliufanya vizuri. Nilijua ninaufanya vizuri, na hilo lilinitisha zaidi. Saa nne nikaitwa kwenye chumba cha kuchemshia vyombo kwa sehemu ya pili, ya mikono. Mezani palikuwa na beseni, chupa ya dawa ya kuua vijidudu, kikombe cha bati, na ndoo ya maji yaliyochemshwa. Mamère Godelieve alikaa upande mmoja na daftari. Upande wa pili alikuwa daktari wa kizungu aliyealikwa kusimamia, mtu mnene aliyeweka saa yake ya mfukoni mezani mbele yake.

"Kipimo kimoja cha dawa mu vipimo kumi," akasema Mamère. "Vikombe kumi kwa jumla. Dakika kumi. Anza."

Nikanawa mikono, vidole, kucha, mpaka viwiko, jinsi tulivyofundishwa. Nikapima dawa, kikombe kimoja. Sasa maji, vikombe tisa. Nikachota, nikamimina. Nikachota, nikamimina. Mikono yangu ilikuwa ikienda vizuri, imetulia, na mimi nikatulia nayo. Nilipofika tisa nikaweka kikombe chini, na hapo ndipo nikasikia midomo yangu mwenyewe. Nilikuwa nimehesabu kwa Mashi. Nilikuwa nimehesabu kwa lugha ya baba, na kwa lugha ya baba kikombe cha kwanza nilikuwa nimekimimina kimya.

Beseni lilikuwa na maji vikombe kumi badala ya tisa. Kwa macho huwezi kujua. Rangi ni ile ile, harufu ni ile ile. Daktari alikuwa dirishani akishughulika na kiko chake. Mamère alikuwa ameinamia daftari lake, akiandika. Ningesema tu "nimemaliza", nami ningekuwa mkunga.

Niliogopa, sifichi. Lakini kuliko hofu, nilishikwa na hasira. Nilikasirika na majani, na baba, na baba wa baba, na beseni, na juu ya yote na mimi mwenyewe, kwa sababu nilijua kwamba mikono hii hii iko siku itanawa katika dawa hafifu kama ile na kumgusa mwanamke anayeniita kwa jina. Nikanyanyua beseni na kulimwaga lote kwenye mfereji. Lilipiga kelele sana.

Daktari akageuka. Mamère akainua kichwa.

"Eulalie Nsimire, unafanya nini?"

"Nimekosa, mamère. Ninaanza upya."

"Iko dakika mbili."

"Ninajua."

Nikapima dawa tena. Nikachota maji, nikahesabu kwa Kifaransa, kwa sauti kubwa, kila kikombe na jina lake: un, deux, trois. Nilikuwa nimefika six daktari alipogonga saa yake kwa kidole na kusema basi. Vilibaki vikombe vitatu. Nikaweka kikombe chini, nikatoka kungoja kwenye baraza. Ndani niliwasikia wakibishana kwa Kifaransa. Daktari alisema zéro, zéro, mara mbili. Sikujua Mamère alisema nini kwa sababu alikuwa akisema taratibu. Hadi leo sijui kama alikuwa ameona kikombe changu cha kwanza au hakuona. Sikuwahi kuthubutu kumwuliza.

Wakaniita.

"Simama hapo," akasema Mamère. Alikuwa na daftari lake, lakini alilifunga. "Ya kuandika, umepata kumi na tano kwa ishirini." Nikavuta pumzi. "Ya mikono, hakuna kitu ndani ya beseni. Dawa haiko tayari. Mimi na docteur tumekubaliana tatu kwa ishirini."

"Tatu za nini, mamère?"

"Za kunawa mikono."

Daktari akaangalia dari.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Ya kuandika inahesabiwa mara mbili. Ya mikono mara moja. Unajumlisha, unagawanya kwa tatu. Mutu anapita na kumi. Mimi sitakuambia kama umepita. Hii ni swali ya mwisho. Utaniambia weye."

Hawakunipa karatasi wala chaki. Nilisimama mbele ya meza, mikono nyuma, maisha yangu yote yamegeuzwa kuwa swali la Jumanne asubuhi. Kumi na tano. Kumi na tano ya pili, na hiyo pia ina haki yake. Thelathini. Na tatu za mikono. Thelathini na tatu. Nikaanza kugawanya, nikafika mwisho, sikuamini, nikarudi mwanzo kabisa, nikagusa kila namba kwa kidole nyuma ya mgongo wangu, nikafika pale pale.

"Kumi na moja," nikasema.

"Unasema kweli?"

"Kumi na moja, mamère."

"Docteur anafikiri ni tisa," akasema Mamère, bila kupepesa jicho.

Daktari hakuwa amesema lolote. Alimtazama kwa mshangao. Lakini mimi sikumtazama yeye, nilimtazama Mamère, na hasira yangu yote ikapanda, safari hii ikiwa na faida.

"Docteur amekosa," nikasema. "Hata mukinifukuza leo, ni kumi na moja."

Mamère Godelieve akafungua daftari lake, akalitia sahihi, na kulisukuma mbele ya daktari naye atie yake.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka mvua ilikuwa imepungua na baba alikuwa bado pale ukutani, mabega yamelowa, hana kamba wala nini. Aliona uso wangu ukicheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kuusoma.

"Umepita?"

"Nimepita, papa."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mutu ameniambia," nikasema. "Nimehesabu mwenyewe."